Wimbo Usioweza Kukataliwa

Msomali wa Isiolo, kaskazini mwa Kenya, akitaka kughani gabay ya mtu mwingine, haanzi na shairi. Huanza na jina. Atasema hii ni ya fulani, wa ukoo fulani, na mara nyingi ataeleza ilitungwa katika ugomvi gani, au kwa ajili ya ngamia gani walioporwa. Hapo ndipo hufungua kinywa, na akishafungua hana ruhusa ya kubadilisha neno. Wasikilizaji wanaoijua humsahihisha bila haya. Shairi lenyewe pia humshtaki, maana gabay hufungwa kwa sauti ya mwanzo wa maneno: kila nusu ya mstari lazima ibebe neno linaloanza kwa sauti ileile moja, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, hata mistari ikiwa mia. Ukichomoa neno la mtunzi na kupachika lako, kila sikio lililozoea husikia pengo.

Utamaduni huu ulifika Isiolo pamoja na askari. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni iliwaruhusu wanajeshi wa Kisomali, wengi wao wa ukoo wa Isaaq, kukaa hapa na mifugo yao, na wajukuu zao wapo mjini hadi leo. Sokoni asubuhi utapishana na Kiborana, Kimeru, Kiturkana na Kisamburu kabla hujakifikia Kiswahili, na katikati ya lugha hizo zote wapo wazee wanaoamini kwamba shairi linaweza kubaki mali ya mtu aliyekufa zamani, na kwamba anayelighani ni mtunza amana.

Nimeanza na wazee hao kwa makusudi. Tumezoea kuambiwa kwamba Ulaya ina noti zilizoandikwa, kwa hiyo ina uaminifu, na Afrika ina kumbukumbu, kwa hiyo ina uhuru wa kubadilisha. Walimu wa muziki husema hivyo, watoto hukariri hivyo kwa ajili ya mtihani, na si kweli. Mghani wa gabay, asiye na karatasi hata moja, amebanwa kuliko mwimbaji yeyote wa opera. Na yule mwenye karatasi ameachwa huru mahali ambapo angetamani sana kuambiwa la kufanya.

Nyimbo ninazozifikiria ni zile ambazo Wajerumani huziita Lieder: shairi moja, sauti moja, piano moja. Hakuna kiitikio cha umati, hakuna mavazi ya maigizo, hakuna pa kujificha. Nchini Kenya mtu anaweza kujifunza uimbaji na piano za aina hiyo katika Conservatoire ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1944, na wanafunzi wengi zaidi hukutana na nyimbo za jamii hiyo katika Tamasha la Muziki la Kenya, pale kipande cha lazima kinapotangazwa na mwalimu wa Kiswahili au wa dini akajikuta ndiye wa kukifundisha.

Chukua mmoja. Tarehe 19 Oktoba 1814, mjini Vienna, Franz Schubert aliyekuwa na miaka 17 alitunga muziki wa shairi kutoka tamthilia ya Goethe, Faust. Msichana Gretchen anasokota uzi huku akimwaza mwanamume aliyemvuruga akili. Mkono wa kulia wa piano unazunguka bila kupumua, nalo ni gurudumu la kusokotea. Mkono wa kushoto unapiga kama mguu unaokanyaga chombo hicho. Msichana anakumbuka mwendo wa mpenzi wake, tabasamu lake, macho yake, maneno yake, mkono wake, na kila anapotaja kimoja sauti inapanda. Kisha analikumbuka busu, na gurudumu linasimama.

Juu ya kituo hicho Schubert aliweka alama ndogo, nusu duara yenye nukta ndani yake. Maana yake ni: kaa hapa. Kwa muda gani, hakusema. Halafu piano inajaribu kuzungusha gurudumu, inakatika, inajaribu tena, mpaka linashika mwendo. Yeyote aliyewahi kushikwa na wazo akiwa kazini, jembe likasimama hewani, anakijua kituo hicho. Lakini ni sekunde mbili au tano? Karatasi iliyokuwa imeeleza kila noti, ipi ya nguvu na ipi ya taratibu, inanyamaza mahali palepale ambapo wimbo mzima unaamuliwa. Na anayeamua si mwimbaji. Yeye amesimama mbele ya watu, amekwisha kulia kilio chake, na hawezi kuendelea mpaka gurudumu lizunguke. Anamngoja mpiga piano.

Jibu la kawaida ni kwamba wote wawili wamtii mtunzi: watafute alichokusudia. Jibu hili lina heshima, na pia lina matatizo. Wimbo mwingine wa Schubert, Erlkönig, aliutunga mwaka 1815 na ukachapishwa mwaka 1821 kama kazi yake namba 1. Baba anakimbiza farasi usiku na mtoto mgonjwa mikononi, na mkono wa kulia wa piano unapiga noti tatu tatu, mfululizo, kwa kasi ya kwato, hadi misuli ya kiganja inaanza kuungua. Wapiga piano huuogopa wimbo huo. Schubert mwenyewe aliuogopa: husimuliwa kwamba alipousindikiza alipiga mbili mbili badala ya tatu, na kati ya matoleo manne yaliyobaki lipo moja lililoandikwa hivyo. Sasa mpiga piano wa leo anayejikaza akapiga zote tatu anamtii Schubert yupi, aliyeandika au aliyechoka?

Au tuutazame wimbo wa tano katika Winterreise, mzunguko wa nyimbo 24 alioutunga mwaka 1827 juu ya mashairi ya Wilhelm Müller. Shairi linaanzia kisimani, mbele ya lango la mji, chini ya mti wa lindeni ambako msafiri aliwahi kuota ndoto zake. Ubeti wa pili unamrudisha hapo usiku wa manane, na muziki unageuka kutoka meja kwenda maina, giza likaingia kwenye melodi ileile. Kisha upepo unavuma, kofia inapeperuka, naye hageuki nyuma. Mwaka 1846 Friedrich Silcher aliichukua melodi ya ubeti wa kwanza, akaivisha beti zote, akawapa wanaume waimbe kwa kwaya. Giza likaondoka, upepo ukaondoka. Wajerumani wakaupenda hivyo, na wengi wao huuimba kama wimbo wa kienyeji usio na mwenyewe. Ukimwuliza mghani wa gabay, atasema Silcher ni mwizi. Mimi sina hakika. Bila yeye watu wengi wasingeijua melodi ile kabisa, na Schubert angebaki wa ukumbini.

Kwa hiyo ukiuliza mwimbaji awe mwaminifu kwa nani, kumtaja marehemu hakutoshi. Marehemu ana kasoro moja kubwa: hawezi kukataa. Unaweza kumwimba haraka mno, kwa majivuno, kwa machozi ya bandia, naye hatasema neno. Uaminifu kwa mtu asiyeweza kukukatalia haraka sana hugeuka kuwa uaminifu kwa nafsi yako, ukiwa umeuvika jina lake. Ndiyo maana waimbaji wawili wanaogombana hadi kununiana huapa kwa Schubert yuleyule.

Naamini fasiri huanza pale tu penye mtu wa kusema hapana, na ambaye hapana yake ina gharama kwako. Mghani wa Kisomali ana wazee waliokaa mkekani. Mwimbaji wa Lied ana mpiga piano, na hili watu wengi hawalioni, kwa sababu jina la mpiga piano huandikwa kwa herufi ndogo na yeye huinama wa pili. Mwingereza Gerald Moore, aliyewasindikiza akina Dietrich Fischer-Dieskau na Elisabeth Schwarzkopf, alikipa kitabu cha maisha yake, mwaka 1962, jina ambalo ni swali: je, napiga kwa sauti kubwa mno? Ni mzaha wa mtu aliyejua vizuri kwamba unyenyekevu wake ulikuwa na meno.

Angalia mazoezini jinsi kukataa kunavyofanyika. Mwimbaji anataka kuishikilia noti ya juu kwa sababu ni nzuri na pumzi anayo. Mkono wa kushoto wa piano unasonga mbele bila kumngoja, na noti ile nzuri ghafla inasikika kama mtu aliyeachwa na basi. Hakuna aliyesema kitu. Wanarudia. Safari hii mwimbaji anaiachia mapema, na mpiga piano, kama kwa shukrani, anachelewesha akodi inayofuata kidogo tu, akimpa nafasi ambayo hakuiomba. Au mwimbaji anapita juu ya konsonanti za neno gumu kwa haraka, na piano haiingii. Inangoja neno limalizike. Wimbo unaotokea mwishoni haukuwa kichwani mwa yeyote kati yao. Umetokana na mambo ambayo kila mmoja alimkatalia mwenzake.

Huku kaskazini hatuhitaji piano kulielewa jambo hili. Waborana wa Waso, waliotandaa kandokando ya Ewaso Nyiro, wana ndugu kusini mwa Ethiopia wenye visima vya tula, vyenye kina ambacho mtu mmoja na kamba yake hawezi kukimudu. Wanaume husimama mmoja juu ya mwenzake, kutoka majini hadi kwenye birika, wakipokezana ndoo huku wakiimba. Zamu ya makundi ya mifugo husimamiwa na abba herega, na asiyeheshimu zamu hiyo hutafuta ugomvi mkubwa. Aliye chini kabisa hawaoni ng'ombe. Aliye juu kabisa hayaoni maji. Wimbo ndio unaomwambia kila mmoja mkono wa mwenzake uko wapi. Ukipunguza mwendo kwa sababu umenogewa na sauti yako, ndoo itamwagika kichwani mwa aliye chini yako, na atakujulisha.

Wasamburu nao huchimba visima kwenye mchanga wa mito iliyokauka, na kila familia ina wimbo wake wa kunyweshea. Wafugaji husimulia kwamba ng'ombe huutambua: wa familia hii husogea, wa familia ile hubaki wamesimama kivulini hata kama kiu inawakaba. Sijui msikilizaji mkali kuliko huyo. Ng'ombe hapigi makofi kwa adabu. Hajali kwamba babu yako ndiye aliyeutunga wimbo, wala kwamba umesafiri mbali kuja kuuimba. Akisikia si wenyewe, haji.

Mtu atasema kwamba ni kuwaonea waimbaji wa Vienna kuwalinganisha na kazi ya kuteka maji, kwa sababu wimbo wa kisimani una kazi na Lied haina. Nadhani ni kinyume. Kwa kuwa Lied haina ndoo ya kumwagika, inamhitaji mtu wa pili zaidi. Sehemu kubwa ya kaunti yetu ya Isiolo sasa ina visima vya mashine. Injini ya dizeli inanguruma na birika linajaa lenyewe. Haihitaji wimbo, na sioni sababu ya kuomboleza: maji ni bora kuliko mashairi, na kijana aliyekuwa akishinda shimoni anapaswa kuwa darasani. Lakini ni vizuri kutambua kilichoondoka. Melodi nyingi bado zinakumbukwa. Kilichopotea ni yule mwenzako wa chini, mwenye haki ya kulalamika.

Kuna pingamizi zito zaidi, na linamhusu Schubert mwenyewe. Alipowaimbia marafiki zake Winterreise kwa mara ya kwanza, walishikwa na bumbuazi kwa giza la nyimbo zile. Franz von Schober alisema ameupenda mmoja tu, ule wa mti wa lindeni. Schubert akajibu kwamba yeye anazipenda hizi kuliko nyingine zote, na wao pia siku moja watazipenda. Alifariki Novemba 1828 na historia ikampa haki. Basi walioweza kukataa walikataa, na walikosea.

Ndiyo. Sikusema kwamba anayekataa huwa na haki. Mzee wa mkekani anaweza kukosea neno, mpiga piano anaweza kuwa mkaidi kwa sababu ya homa au wivu. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho: kwamba wimbo usio na mtu wa kuukataa hauna pa kujipima. Schober alimlazimisha Schubert aseme waziwazi kile anachokiamini, na nadhani hilo halikuwa jambo dogo kwa mtu aliyekuwa mgonjwa na mwenye mwaka mmoja hivi wa kuishi.

Pwani wanalo toleo lao la jambo hili, lenye kelele zaidi. Siti binti Saad wa Zanzibar alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, na Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliziimba nyimbo za Siti kwa miaka mingi kwa sauti ya kukwaruza ambayo hakuna mtu angeichanganya na ya mwalimu wake. Lakini tazama kinachotokea ukumbini taarabu ikipigwa. Mwanamke mmoja anainuka katikati ya ubeti, anakwenda mbele akicheza, anamtunza mwimbaji noti za pesa, na jicho lake halipo kwa mwimbaji. Lipo kwa mwanamke mwingine aliyeketi meza ya tatu. Mstari ule ameuchukua. Tangu dakika hiyo unamhusu jirani yake, wala si yule aliyekusudiwa na mtunzi, na mwimbaji akiwa mjanja ataurudia. Beti nyingine hupita na hakuna anayeinuka. Hiyo nayo ni hukumu.

Sasa mlete mwimbaji na mpiga piano Isiolo, na ule wimbo wa kisima na mti. Nani huku anaweza kuwakatalia? Msikilizaji asiyejua Kijerumani anaweza kuikataa pumzi, anaweza kuukataa mwendo, atajua mara moja kama hao wawili wanasikilizana au kila mmoja yuko safari yake. Hilo ni jingi kuliko tunavyodhani, na ni nusu tu. Neno hawezi kulikataa. Anaweza kudanganywa kwenye neno kutwa nzima na akashangilia.

Wazo linalokuja haraka ni kuutia wimbo katika Kiswahili. Kisima tunacho, lango tunalo, na mti wa lindeni unaweza kuwa mgunga. Ugumu unaanza baada ya hapo. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu siku zote, na mistari mingi ya Kijerumani huishia kwenye silabi yenye mkazo, pale melodi inapotua kwa uzito wake wote. Kila aliyekulia kanisani anayajua matokeo: tenzi zenye melodi za Ulaya ambazo zimetufundisha kuimba maneno ambayo hakuna mtu huyatamka hivyo akiwa sokoni. Tumezizoea hata hatusikii. Mtoto mdogo anayeuimba utenzi kwa mara ya kwanza husikia, halafu tunamsahihisha mpaka aache kusikia. Fasiri njema ya Kiswahili ingelazimika kuigusa melodi yenyewe, noti ya ziada hapa, noti moja kuvutwa nyuma pale, na hapo tuko na Silcher tena na mzee wa Kisomali ametukunjia uso. Ningeigusa. Afadhali ugomvi na mzee kuliko wimbo ambao wasikilizaji wake wamenyimwa nafasi ya kuukataa kwa sababu hawauelewi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni simu. Piano halisi huku ni kitu cha kutafutwa, na mwanafunzi anayejiandaa kwa tamasha hupewa faili: mtu fulani, mahali fulani, amepiga sehemu ya piano na kuirekodi. Mtoto huiweka simu ndani ya kikombe ili sauti ikue, huimba juu yake, na baada ya wiki kadhaa anaijua. Simlaumu yeye wala mwalimu wake. Lakini faili ile haimkatalii chochote. Akichelewa, inaendelea, akiwahi, inaendelea, akilia kweli kwenye lile busu la Gretchen, gurudumu litaanza tena kwa sekunde zilezile ilizojiwekea siku ya kurekodiwa. Na mbele ya waamuzi, akikutana na mpiga piano wa damu na nyama anayemsikiliza na kumngoja, wengi hubabaika. Hawajawahi kungojwa.

Upo wimbo mmoja ambao kila mtoto wa Isiolo anauimba bila piano na bila mwenza, na ambao nimeuacha hadi sasa kwa sababu unaniyumbisha. Kaunti yetu inapakana na ya Tana River, na huko ndiko ilikotoka melodi ya wimbo wa taifa. Ulikuwa wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo, ulioletwa na Mzee Meza Moroa Galana, na mwaka 1963 tume ya watu watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, wakautengenezea maneno na upatanisho wa sauti tulionao. Walifanya kazi nzuri. Ni moja ya nyimbo chache za taifa barani zilizotoka mdomoni mwa mama badala ya mezani kwa mtunzi wa bendi.

Mama yule alikuwa na msikilizaji mwenye uwezo kamili wa kukataa. Mtoto asiponyamaza, mwendo ulipunguzwa, sauti ikashushwa, ubeti ukarudiwa mara kumi, na jirani akapendekeza mwingine. Sisi tunasimama wima, mikono ubavuni, na wimbo hupigwa kwa mwendo mmoja kutoka Lodwar hadi Lamu; upigwe vizuri au vibaya, tutabaki tumesimama. Sijui kama wimbo wa namna hiyo unaweza kufasiriwa hata kidogo. Ningependa kujaribu. Sauti moja na piano moja, taratibu, mpiga piano akiwa na ruhusa ya kuchelewa, katika ukumbi wowote wa Isiolo ambamo watu wameambiwa kwamba kwa leo wanaweza kukaa.